Hakimu Amenionea: Pa Kwenda na Pa Kutokwenda

Msikilizaji, ukanda huu wa pwani unaoanzia Bunju, ukapita Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo hadi Bagamoyo mjini, kisha Makurunge na kuendelea kaskazini mpaka Saadani na Pangani, una kesi nyingi za ardhi. Jiji la Dar es Salaam limepanda kuelekea huku, lami imefika, na shamba la minazi ambalo babu alilima bila karatasi sasa linatafutwa na wanunuzi watatu kwa siku moja. Juu ya hayo kuna mirathi, kuna mipaka ya viwanja, kuna talaka na matunzo ya watoto. Penye kesi hapakosi aliyeshindwa, na miongoni mwa walioshindwa wapo wanaotoka nje ya jengo la mahakama wakiamini kwa dhati ya moyo kwamba hakimu aliwaonea.

Mazungumzo ya leo yanawahusu wao.

Maneno yao yanajulikana. "Hakimu ana upande." "Kesi imenunuliwa." "Mashahidi wangu hakuwasikiliza." Na mwisho huja ule msemo wa zamani, kwamba mnyonge hana haki. Baadhi yao wameshindwa kwa sababu ushahidi wao ulikuwa mwembamba, na hakimu yeyote angeamua vilevile. Wengine wameonewa kweli. Si rahisi mtu kujijua yuko kundi lipi siku ile ile ya hukumu, roho ikiwa juu. Ndiyo maana Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu mambo mawili kwa pamoja: kusikilizwa kwa ukamilifu, na kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria dhidi ya uamuzi unaomgusa. Kulalamikia uamuzi wa mahakama si utovu wa adabu. Ni haki iliyoandikwa.

Tabu iko mahali pengine. Njia za kulalamika ni mbili, zinakwenda kwenye ofisi mbili tofauti, na kila moja inajibu swali lake. Ya kwanza inauliza: uamuzi huu ni sahihi? Ya pili inauliza: huyu aliyeamua, mwenendo wake ulikuwaje? Anayezichanganya hupoteza zote mbili, na kinachomponza mara nyingi ni kalenda.

Tumchukulie mama mmoja wa Kiromo, wa kubuni kwa ajili ya mfano. Ameshindwa kesi katika Mahakama ya Mwanzo. Anajua kwamba hakimu alikuwa akimkatiza kila anapofungua mdomo, na kwamba mpinzani wake alionekana akitoka chemba peke yake. Keshoye anakwenda kwa diwani. Diwani anamwelekeza kwa mkuu wa wilaya. Kwa mkuu wa wilaya anaandika barua, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Anarudi. Anaambiwa kikao bado. Mwezi wa pili unapoanza anaelezwa kwa upole kwamba malalamiko yake kuhusu tabia ya hakimu yamepokelewa, lakini hukumu haiwezi kuguswa na ofisi ile, aende akate rufaa. Anakwenda Mahakama ya Wilaya, na karani anamuuliza tarehe ya hukumu. Siku 30 zimeshapita.

Mguu wa mtu wa pwani kuelekea bomani una historia yake. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, walipohamia Dar es Salaam, na tangu wakati ule mzee wa huku alimjua bwana mmoja wa serikali anayekusanya kodi, anayeshika askari na anayekata mashauri, vyote kwa mkono ule ule. Hukumu ya viboko 25, ile hamsa ishirini ambayo jina lake halijasahaulika mpaka leo, haikuwa na rufaa. Waingereza walipokuja walitengeneza mahakama za wenyeji, na huku pwani liwali akaendelea kukaa barazani. Sheria yao ya 1929 iliamua kwamba rufaa kutoka mahakama hizo iende kwa bwana shauri wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Mahakama Kuu iliwekwa kando. Kwa hiyo aliyeonewa na liwali alikuwa sahihi kabisa kupanda ngazi za ofisi ya wilaya. Hakukuwa na ngazi nyingine.

Baada ya uhuru mambo yakabadilishwa. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 iliunganisha ngazi zote ziwe mnyororo mmoja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama Kuu. Mwaka 1979 ikaongezwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania juu yao. Mkuu wa wilaya akatolewa kwenye mnyororo huo. Amebaki na kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo inayowachanganya watu, kwa kuwa ni ya kweli na ina nguvu zake.

Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 imeunda kamati za maadili za maofisa wa Mahakama. Ya wilaya inaongozwa na mkuu wa wilaya, nayo hushughulikia mahakimu wa Mahakama za Mwanzo. Ya mkoa inaongozwa na mkuu wa mkoa, na kwa mtu wa Bagamoyo maana yake ni Kibaha. Huko hushughulikiwa mahakimu wa ngazi ya wilaya na mahakimu wakazi. Majaji wana kamati yao. Malalamiko yakionekana yana mashiko, hupanda hadi Tume ya Utumishi wa Mahakama, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu, na tume hiyo ndiyo yenye mamlaka ya nidhamu juu ya mahakimu. Hakimu aliyelewa kazini, aliyemtukana mdaawa, anayechelewesha hukumu bila sababu, anayekutana na upande mmoja kwa siri, huko ndiko pa kumpeleka. Anaweza kuonywa. Anaweza kufukuzwa kazi.

Lakini hata akifukuzwa leo, hukumu aliyoiandika jana inabaki palepale mpaka mahakama ya juu iitengue. Shamba haliwezi kurudi kwa barua ya mkuu wa wilaya. Na ni vema iwe hivyo: siku mkuu wa wilaya atakapoweza kufuta hukumu, tutakuwa tumerudi 1929, na atakayepoteza ni yule yule asiye na mtu wa kumsemea bomani. Ibara ya 107B ya Katiba inazitaka mahakama ziwe huru katika kutoa haki, na uhuru huo unamlinda pia mvuvi wa Mlingotini anapokuwa na kesi dhidi ya tajiri anayefahamiana na wakubwa.

Basi ya kwanza kushughulikiwa ni rufaa, na rufaa ina siku zake.

Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30 tangu uamuzi utolewe. Ukishindwa tena, kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine, na sababu za rufaa hupelekwa kwenye ile ile Mahakama ya Wilaya iliyotoa uamuzi, nayo ndiyo inayozifikisha juu pamoja na jalada. Ukitaka kufika Mahakama ya Rufani kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, lazima kwanza Mahakama Kuu ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kusikilizwa. Malumbano ya nani alisema ukweli hayapiti hapo. Kesi ya madai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ina siku 90 kwenda Mahakama Kuu. Ya jinai ni kali zaidi: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha sababu za rufaa ndani ya siku 45, na aliyefungwa huzikabidhi kwa mkuu wa gereza azipeleke. Kwa kesi za ardhi, kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45.

Kuna uzushi mmoja unaowapotezea watu siku hizo, nao ni kwamba huwezi kukata rufaa mpaka upate nakala ya hukumu iliyochapwa. Kwa mashauri yanayoanzia Mahakama ya Mwanzo hilo si kweli. Mahakama zimekwisha kuamua kwamba nakala si sharti la kufungua rufaa ya aina hiyo. Kwa kesi za ngazi za juu nakala inahitajika, na sheria ya ukomo inaondoa kwenye hesabu muda uliotumika kuisubiri, lakini lazima uwe umeiomba. Iombe kwa barua, mapema, na barua hiyo igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala yako ya barua yenye muhuri na tarehe ihifadhiwe pamoja na vyeti vya watoto.

Aliyechelewa bado hajafa. Anaweza kuomba aongezewe muda. Mwaka 2011, katika shauri la Kampuni ya Ujenzi ya Lyamuya dhidi ya wadhamini wa YWCA, Mahakama ya Rufani ilieleza inachokitazama: mwombaji atoe maelezo ya kipindi chote alichochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupita kiasi, aonyeshe bidii badala ya uzembe, na kama ndani ya uamuzi kuna uharamu wa kisheria wenye uzito, hilo nalo litazingatiwa. Kuhangaika kwa wakubwa, kwa bahati mbaya, hakuhesabiwi kuwa bidii. Mama yetu wa Kiromo akieleza kwamba wiki zote zile alikuwa anafuatilia barua kwa mkuu wa wilaya, ataulizwa kwa nini hakuwa mahakamani.

Jambo jingine linaloumiza: rufaa peke yake haimsimamishi dalali wa mahakama. Sheria ya mwenendo wa kesi za madai inasema wazi kwamba kufungua rufaa si zuio. Mshindi anaweza kuomba hukumu ikaziwe, na nyumba ikabomolewa au ikauzwa wakati rufaa yako iko masjala inasubiri namba. Aliyekata rufaa anatakiwa aombe pia, kwa maombi yake maalumu, utekelezaji usimame. Wako waliokuja kushinda rufaa nyumba ikiwa imeshakuwa ya mtu mwingine, na kesi ya kuirudisha ikawa ndefu kuliko ile ya kwanza.

Sasa, ukifika kwenye rufaa, utasema nini? "Hakimu alinionea" haitoshi. Mahakama ya juu haikuwapo siku ile. Inasoma kumbukumbu, yaani mwenendo wa shauri ulioandikwa na huyo huyo hakimu unayemlalamikia, na inaanza kwa kuamini kwamba kumbukumbu hiyo inasema kweli. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama. Kama ulikatazwa kuita shahidi na hukusema neno, mwenendo utaonyesha umefunga ushahidi wako kwa hiari. Kwa hiyo kazi ya rufaa huanza siku ya kusikilizwa, si siku ya hukumu. Ukikataliwa jambo, simama, sema kwa heshima: "Mheshimiwa, naomba pingamizi langu liandikwe." Sentensi hiyo ni fupi, na inaweza kuokoa shamba.

Kisha tafuta kosa linaloshikika. Kubwa kuliko yote ni kunyimwa nafasi ya kusikilizwa. Katika kesi ya kampuni ya Mbeya-Rukwa Autoparts, iliyomo katika ripoti za sheria za 2003, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kusikilizwa imeshakuwa haki ya msingi ya kikatiba, zaidi ya kuwa kanuni tu iliyorithiwa kutoka sheria za Kiingereza. Uamuzi uliotolewa bila kumsikiliza mtu unaweza kufutwa hata kama baada ya kumsikiliza ungekuwa ule ule. Mengine ni hakimu kutokuwa na mamlaka ya kesi hiyo, hukumu kutokuwa na sababu, ushahidi wa upande mmoja kutoguswa kabisa, au hakimu kubadilishwa katikati bila sababu kuandikwa.

Kwenye mabaraza ya ardhi kuna kosa lililofumua kesi nyingi. Mwenyekiti wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hukaa na wazee washauri, nao hutakiwa kutoa maoni yao kabla ya hukumu. Katika rufaa moja iliyoihusu Halmashauri ya Jiji la Mbeya, Rufaa ya Madai Na. 287 ya 2017, Mahakama ya Rufani iliona kwamba maoni hayo hayakusomwa mbele ya wadaawa, ikaufuta mwenendo wote na kuamuru shauri lisikilizwe upya. Tangu hapo mawakili wa ardhi huanza kwa kutazama ukurasa wa maoni ya wazee. Ni ushindi, lakini wenye machungu: haukupi shamba, unakurudisha kwenye mstari wa kuanzia, pengine baada ya miaka sita, mashahidi wawili wakiwa wamefariki. Mwandishi wa mazungumzo haya anaona kwamba mzigo huo si haki kumbebesha mdaawa. Kosa lilikuwa la baraza, gharama zikawa zake.

Kama hofu yako ya upendeleo imekuja mapema, kabla ya hukumu, usingoje rufaa. Unaweza kumwomba hakimu ajitoe. Masharti yake yaliwekwa wazi na Mahakama ya Rufani katika Rufaa ya Madai Na. 13 ya 1999: kuwe na ushahidi wa uhasama kati ya mdaawa na hakimu, au hakimu awe na uhusiano wa karibu na upande wa pili, au yeye au mtu wa familia yake ya karibu awe na maslahi katika matokeo ya kesi. Mahakama ikaonya vilevile kwamba hakimu asiombwe kujitoa kwa hofu za kufikirika. Bagamoyo ni mji mdogo. Hakimu kusali msikiti mmoja na mpinzani wako si uhusiano wa karibu. Kuwa shemeji yake ni jambo jingine.

Mfano ambao Watanzania wote waliusikia ni wa Septemba 2021. Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, na wenzake watatu walikuwa wanakabiliwa na mashtaka ya ugaidi mbele ya Jaji Elinaza Luvanda. Walisema hawana imani naye. Tarehe 6 ya mwezi huo jaji akajitoa. Kesi ikapewa Jaji Mustapha Siyani. Alipoteuliwa kuwa Jaji Kiongozi mwezi uliofuata, ikapelekwa kwa Jaji Joachim Tiganga, na ikaishia Machi 4, 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa. Kujitoa kwa jaji wa kwanza hakukumaliza kesi wala hakukumpa yeyote ushindi. Kulichofanya ni kuhakikisha kwamba atakayeamua hana kivuli juu yake. Mtu wa kawaida ana haki ya ombi hilo hilo, mbele ya hakimu yule yule wa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili kile kile.

Na kama ni rushwa? Hapo mambo hayapaswi kusubiri hata kidogo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaigusa mikono yote miwili, wa kupokea na wa kutoa. Aliyeombwa fedha na karani au hakimu apige 113, namba ya bure ya TAKUKURU, kabla hajatoa hata shilingi. Akitoa kwanza kisha akalalamika kwa kuwa ameshindwa, amejifunga mwenyewe. Mahakimu wa Mahakama za Mwanzo wameshafikishwa kizimbani kwa makosa haya, na ushahidi uliowatia hatiani mara nyingi ulitokana na mwananchi aliyetoa taarifa mapema.

Yako pia ya kutofanya. Kumtukana hakimu mahakamani ni kudharau mahakama, na kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kukulaza rumande kesi yako ikiwa bado ina uhai. Kumfungulia hakimu kesi ya fidia kwa sababu ya hukumu aliyotoa akiwa kazini ni kupoteza nauli, maana sheria inamkinga. Na kumpa fedha kishoka anayezunguka nje ya mahakama akidai ana "njia ya ndani" ni kudhulumiwa mara ya pili.

Kwa majaji wa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, lango ni jembamba zaidi. Ibara ya 110A ya Katiba inaruhusu jaji kuondolewa kwa kushindwa kazi au kwa tabia mbaya, lakini sharti Rais aunde tume ya watu wasiopungua watatu, na angalau nusu yao wawe majaji au waliowahi kuwa majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola. Wakenya wamelifungua lango hilo zaidi: Katiba yao ya 2010 inamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi kwa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Ilichukua muda mfupi kulijaribu. Desemba 31, 2011, Naibu Jaji Mkuu Nancy Baraza aligombana na mlinzi wa kike katika maduka ya Village Market, Nairobi. Mlinzi alilalamika, tume ikachunguza, jopo likaketi, na kabla mwaka 2012 haujaisha Naibu Jaji Mkuu alikuwa amejiuzulu. Mlinzi wa mlangoni na jaji wa pili kwa ukubwa nchini, na neno la mlinzi likasikilizwa. Tanzania ingefaa kuliangalia jambo hilo.

Kuna kesi moja iliyopita karibu kila ngazi iliyotajwa hapa. Juni 2004, Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwahukumu kifungo cha maisha mwanamuziki Nguza Viking, aliyejulikana kama Babu Seya, pamoja na wanawe watatu, kwa kosa la kuwabaka watoto wa shule. Katika rufaa ya kwanza, Mahakama Kuu, walishindwa mwaka 2005. Ya pili, mwaka 2010, Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wawili na kumbakiza baba na mwanawe Johnson, yaani Papii Kocha. Wawili hao waliiomba Mahakama ya Rufani ipitie upya hukumu yake yenyewe. Jambo hilo linaruhusiwa kwa sababu chache mno, kama kosa la wazi kwenye kumbukumbu au mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, na mwaka 2013 walikataliwa. Wakaenda Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Desemba 9, 2017, kabla Arusha haijaamua, Rais John Magufuli aliwasamehe. Machi 2018 mahakama ile ikatoa hukumu: haki yao ya kujitetea ilikiukwa kwa baadhi ya mambo, ikiwemo kutopewa nakala za maelezo ya mashahidi.

Wapo wanaoamini hawakutenda, wapo wanaoamini walitenda, na kati yao kuna watoto ambao maumivu yao hayapaswi kusahauliwa katika mjadala wowote. Kinachofaa kushikwa hapa ni jambo la kisheria: msamaha wa Rais haufuti hatia, na mahakama ya Arusha ilizungumzia namna kesi ilivyoendeshwa bila kutangaza kwamba hawana hatia. Miaka kumi na mitatu gerezani iliishia kwa majibu matatu yasiyofanana, na kila jibu lilitokana na swali lake.

Mlango huo wa Arusha kwa sasa mwananchi wa Tanzania hawezi kuugonga moja kwa moja. Novemba 2019 Serikali iliondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi na mashirika kwenda kwenye mahakama ile, na uamuzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Hatua ile ilikuwa makosa, na inafaa kurekebishwa. Tanzania ndiyo mwenyeji wa mahakama hiyo. Si vizuri jirani wa mbali aweze kuingia na mwenye nyumba abaki barazani.

Mlango uliobaki ni Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha. Hiyo si mahakama ya rufaa; inauliza kama nchi imekiuka Mkataba wa Jumuiya, pamoja na misingi ya utawala wa sheria. Mkenya Martha Karua aliitumia baada ya kesi yake ya uchaguzi wa ugavana wa Kirinyaga kukwama Mahakama ya Juu ya nchi yake, na Novemba 2020 alishinda na kupewa fidia ya dola 25,000 za Marekani. Muda wa kufungua shauri huko ni miezi miwili tu.

Haya yote yanataka msaada, na msaada upo kwa asiye na fedha za wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria, watu waliofunzwa wanaofanya kazi vijijini, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa 2023, imezunguka mikoani ikisikiliza migogoro ya ardhi na mirathi kuliko kitu kingine. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, husaidia pia. Hukumu za Mahakama Kuu na za Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na tangu sheria ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ngazi zote zinatakiwa kumhukumu mtu kwa lugha anayoielewa. Kila mwisho wa Januari, katika Wiki ya Sheria, mahakimu wenyewe hutoka nje ya majengo yao na kujibu maswali ya wananchi. Ni wakati mzuri wa kuuliza kabla ya kuwa na kesi.

Kwa hiyo, msikilizaji wa Mapinga, wa Zinga, wa Saadani, kama una hukumu mkononi na roho inakuambia umeonewa, itazame tarehe iliyoandikwa chini yake. Hesabu siku. Nenda masjala kwanza, uandikishe nia yako ya kukata rufaa, uombe nakala, uombe utekelezaji usimame. Ukishapata muhuri, ndipo uandike ile barua kwa kamati ya maadili, ukitaja tarehe, chumba, maneno yaliyosemwa na majina ya waliokuwapo. Barua ya maadili inaweza kungoja wiki moja. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo ina siku 30, na siku ya hukumu ikipita, zimeshaanza kuhesabiwa.